Chupa ya maji inarudi imejaa

Shangazi shikamoo. Mie ni mama wa watoto watatu, naishi Makorora hapa Tanga mjini, asubuhi nauza mihogo ya kukaanga na bajia, baba watoto ni mvuvi kule Deep Sea kwa hiyo usiku mwingi yuko baharini na mambo ya watoto yananiangukia mie. Naandika nimechoka kwa kweli, nisamehe kama ntachanganya.

Shule zinafunguliwa baada ya wiki mbili na nna wawili wanaanza upya kwa mpigo. Mkubwa wa kike kamaliza la saba kafaulu anaenda form one shule ya kata, na wa pili wa kiume ana miaka sita anaingia la kwanza, shule ileile aliyosoma darasa la awali na ndo hiyohiyo dada ake katokea. Wa mwisho bado ananyonya huyo hana neno.

Safari hii nilijipanga mapema, sikutaka yale ya kukimbizana soko la Mgandini siku ya mwisho. Nikakopa kwenye kikoba laki moja na nusu, nikanunua madaftari, mabegi, viatu, sare nikashonesha kwa fundi, huyu wa la kwanza nikamshonea kaptula mbili za bluu nzuri kabisa za zipu na mkanda, maana awali alikuwa anavaa za mpira na sasa kashakuwa mkubwa. Nikajua atafurahi. Shangazi, mtoto kaziangalia akasema tumbo linamuuma akaenda kulala. Toka siku hiyo kila jioni tumbo, nikitaja shule tu tumbo. Wiki hii kakojoa kitandani mara mbili na alishaacha toka ana miaka minne. Jana kasema kabisa, mie siendi la kwanza nataka kukaa na mama niuze mihogo.

Nashangaa kwa sababu huyu mtoto shule alikuwa anaipenda, anaamka mwenyewe, anatoka na dada ake wameshikana mikono. Mwishoni mwishoni mwa mwaka ndo akaanza vituko vidogo vidogo mie nikaona utoto tu, chai ya asubuhi hataki anakula andazi kavu, chupa ya maji nampa inarudi imejaa vilevile kama nilivyoijaza, akifika nyumbani anapita mbio mpaka chooni hata begi hajavua ndo anakuja kunisalimia. Nikamwambia baba ake akasema michezo hiyo, mtoto wa kiume huyo.

Sasa kila mtu ana lake. Mama mkwe anasema namdekeza, nimchape mara moja atakaa sawa. Shemeji anasema anaogopa kwa sababu hajui kusoma, nimpeleke tuisheni wiki hizi mbili asije akaonekana mjinga mbele ya wenzie. Jirani anasema nimhamishie shule ya kulipia, nami hela hiyo sina. Na likizo hii usingizi wake umeharibika, anaangalia katuni kwa bibi yake mpaka saa tano usiku, asubuhi anaamka saa tatu.

Nianzie wapi? Nimchape, nimpeleke tuisheni, au nimwache mwaka mmoja akomae? Na huyu wa form one nae nna wasiwasi nae, kimya muda wote, anasema kiingereza hajui.

Mama wa Makorora

*

Marahaba mwanangu, na pole na pilika. Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza niliisoma kama ulivyoiandika, tumbo, sare, mkwe, tuisheni. Mara ya pili nikakwama kwenye ile chupa ya maji na mpaka sasa niko hapohapo.

Hebu fikiri na mie. Joto la Tanga unalijua, mwezi wa kumi na moja huo upepo wa kaskazi ndo unaanza, mtoto kakimbia uwanjani na wenzie mapumziko mazima halafu chupa inarudi haijapungua hata tone. Kiu anayo mwanangu, kiu anayo sana. Hanywi kwa sababu anajua akinywa atakojoa. Chai anaikataa kwa sababu hiyohiyo, ndo maana andazi analila kavu. Na ile mbio ya kupita chooni kabla hajakusalimia ni ya mtu aliyejibana toka asubuhi. Mie naona huyu mtoto shule haimtishi wala kusoma hakumtishi, kinachomtisha ni choo cha shule.

Sasa angalia na tarehe. Mtihani wa la saba unafanyika Septemba, wakishamaliza wanarudi nyumbani kusubiri. Na wewe umesema vituko vilianza mwishoni mwishoni mwa mwaka. Yaani dada ake alipotoka shuleni ndo chupa ikaanza kurudi imejaa. Kwa hiyo leo usiku usimuulize mdogo kitu chochote, muulize dada ake, mkiwa wawili tu, mdogo wako akibanwa shule alikuwa anaendaje chooni? Sitashangaa akikwambia alikuwa anamfuata mapumziko anampeleka, anamsimamia mlangoni, anamchotea na maji. Watoto hawasimulii vitu kama hivyo kwa sababu kwao wanaona ni kawaida tu, dada kampeleka mdogo ake, kuna nini cha kusimulia.

Kama nimekosea dada atakwambia hapohapo na utakuwa hujapoteza kitu. Lakini mie nimefundisha la kwanza miaka mingi na hili nimeliona likijirudia mpaka likanifanya kila Januari nianze na choo kabla ya herufi a. Nilikuwa na mtoto mmoja wa kike alikuwa analia kila siku baada ya mapumziko, tukasema mama kamdekeza, tukasema darasa la kwanza ndo walivyo, mpaka siku moja akajikojolea pale kwenye dawati ndo akaniambia kule chooni kuna mjusi mkubwa juu ya mlango. Mjusi! Muhula mzima mtoto kabana haja kwa sababu ya mjusi na mie mwalimu wake nilikuwa nimekaa naye chumba kimoja sijui. Naumia mpaka leo nikikumbuka.

Kinachomtisha wa kwako huwezi kukijua mpaka akwambie. Inaweza kuwa giza, inaweza kuwa harufu na nzi, inaweza kuwa tundu lenyewe maana mtoto wa miaka sita akichuchumaa juu ya shimo anaona atazama. Au mlango hauna komeo na wakubwa wanachungulia wanacheka. Au foleni. Serikali imeweka kipimo cha tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25, ila shule zetu nyingi unazijua, kengele ya mapumziko ikilia watoto wote wanaenda kwa wakati mmoja na mdogo ndo anasukumwa nyuma mpaka kengele ya kurudi inalia hajaingia.

Na kuna jambo moja la kwetu huku pwani wengi hatulifikirii. Huyu mtoto bila shaka anaenda chuo cha Kurani jioni, na nyumbani umemfundisha akikojoa lazima ajisafishe kwa maji, nguo ikiingia mkojo haiswaliwi. Umemfundisha vizuri. Sasa anafika choo cha shule hakuna kopo hakuna maji, yeye afanye nini? Kwa akili yake ndogo anaona bora abane mpaka afike nyumbani kuliko kuwa na najisi. Dada ake pengine ndo alikuwa anampa maji. Kama ni hili dawa yake ni rahisi sana, mpe kichupa cha pili kidogo, kile cha maji ya dukani, mfunge uzi au mpake rangi asichanganye na cha kunywa, mwambie hiki ni cha chooni tu. Na mwombe ustadhi wake amwambie yeye mwenyewe kwamba siku maji yakikosekana kuna tishu, dini ina wepesi, hata mawe yalitumika. Akilisikia kwa ustadhi litamwingia kuliko akilisikia kwako.

Namna ya kumuuliza sasa. Usimsimamishe mbele yako na bibi yake kakaa pembeni ukamwambia sema unaogopa nini, hatasema, atainamisha kichwa na tumbo litaanza. Mkae pamoja mnamenya mihogo, mikono ina kazi na macho yako chini, umwambie tu, nasikia choo cha shuleni kwenu si kizuri eti? Halafu unyamaze, usimrukie. Au mcheze shule, yeye awe mwalimu na wewe mwanafunzi, umuombe ruhusa ya kwenda chooni uone mwalimu atakujibuje, maana ntakwambia ukweli mtoto akicheza mwalimu anasema yale aliyoyasikia. Akikwambia kitu usicheke na usiseme kumbe ndo hicho tu. Mwambie hata mie ningeogopa.

Kuhusu hizo kaptula, mwanangu nazijua zinapendeza ila zirudishe kwa fundi leo. Mwambie atoe hiyo zipu na mkanda aweke lastiki kiunoni kama zile za awali, ni kazi ya dakika chache. Mtoto wa miaka sita kabanwa, anaogopa, wakubwa wanagonga mlango, halafu aanze kuhangaika na pini ya mkanda, hapo lazima kitoke. Na pengine ndo maana alipoziona tumbo likauma, aliona zile nguo akajua hataweza kuzivua mwenyewe. Mkanda atavaa sikukuu.

Halafu kuna maneno ya kumfundisha. Awali walimu wanajua watoto ni wadogo, ukisimama tu mwalimu anaelewa, na wanatoka mapema. La kwanza anakaa darasani muda mrefu zaidi na lazima anyooshe kidole aseme, mwalimu naomba kwenda chooni. Mtoto ambaye hajawahi kulisema hilo kwa sauti mbele ya watu hatalisema siku ya kwanza. Mfanyishe nyumbani mara kumi, ishirini, kwa sauti, wakati wa chakula anyooshe kidole aombe, mpaka limzoee mdomoni. Na mfundishe kwenda kabla hajabanwa, akitoka mapumziko aende chooni kwanza ndo akacheze.

Wiki ya mwisho kabla hazijafunguliwa nenda nae shuleni na dada ake awepo. Walimu wanakuwepo siku hizo kwa ajili ya kuandikisha. Msalimieni mwalimu, mwambie wazi mwanangu anabana haja, naomba akiomba ruhusa asicheleweshwe, mwalimu muungwana atakusikia. Kisha mwende mpaka chooni, uingie nae, shule ikiwa haina watu hakuna wa kumcheka. Achague tundu lake analolipenda, achuchumae, dada amwoneshe aweke miguu wapi. Kama mlango hauna komeo mtafute mtoto wa jirani mtaani kwako anayesoma la pili au la tatu, mkubaliane wawe wanakwenda wawili wawili, mmoja anashika mlango mwingine anaingia. Dada ake alikuwa na kazi hiyo, sasa lazima awepo wa kuishika. Na njia ya kwenda pia, usisahau, mwaka jana alishikwa mkono na dada na mwaka huu dada anaelekea kwingine, tembea nae hiyo njia mara mbili tatu na huyo mwenzie, kwenye kuvuka barabara simama nae umuoneshe bajaji na pikipiki zinatokea wapi.

Choo kikiwa kibaya kweli, mlango umeng'oka, hakuna maji, usinyamaze. Tangu Januari 2016 shule za serikali hazidai ada lakini bado ni zetu, kuna kamati ya shule na wazazi mmo humo, lisemeni kwenye kikao. Komeo la mlango ni kitu ambacho wazazi wachache wanaweza kukinunua na fundi wa mtaani akalipachika asubuhi moja.

La kumchapa, hapana mwanangu, hapana kabisa, na mkwe umwambie kwa adabu yake ila usirudi nyuma. Huwezi kumchapa mtoto aliyekuwa anabana mkojo kutwa nzima kwa woga. Na hayo ya kitandani asiimbiwe kikojozi, asianikiwe godoro uani watu wapite waone. Mtoto aliyekuwa mkavu akarudia kukojoa, mara nyingi ni wasiwasi, ukiisha nayo yanaisha. Lakini kubana mkojo muda mrefu na kutokunywa maji kunaleta maambukizi kwenye njia ya mkojo, kwa hiyo muulize kama akikojoa kunamuuma au kunaunguza, angalia kama ana homa, kama mkojo unanuka vibaya, na kama kuna damu usisubiri maana kichocho kipo ukanda wetu. Mojawapo kati ya hizo ukiiona nenda zahanati wapime mkojo. Na hilo tumbo la jioni angalia pia kama haja kubwa anapata vizuri, anayebana moja anabana na nyingine, choo kikiwa kigumu tumbo linauma kweli wala hadanganyi. Mpe maji ya kutosha likizo hii, mapapai, machungwa, mboga za majani.

Tuisheni achana nayo, na mwambie shemeji kwamba kusoma, kuandika na kuhesabu, zile KKK, ndo kazi ya la kwanza na la pili yenyewe, haendi pale akiwa anajua. Kama unataka kumsaidia mwambie akuhesabie bajia unapopanga kwenye sinia. Kumwacha nyumbani mwaka mmoja hapana pia, woga ukikaa nyumbani unanenepa. Na kuhamia shule ya kulipia na wewe una deni la kikoba, huko nako kuna vyoo.

Usingizi una wiki mbili na zinatosha kama ukianza leo. Mtoto wa umri wake anahitaji saa tisa mpaka kumi na mbili za kulala, sasa kama shule ataamka saa kumi na moja na nusu alfajiri basi saa mbili usiku awe kalala. Huwezi kumtoa saa tano mpaka saa mbili kwa siku moja, atalia na nyumba nzima haitalala. Anza na asubuhi, kesho usimwache mpaka saa tatu, mwamshe mapema kidogo na kila siku mapema zaidi, na usiku mvute nyuma robo saa kila siku, ndani ya siku kumi na mbili ushafika. Bibi yake zungumza nae kuhusu katuni, mwombe tu, mama nisaidie, wakirudi kutoka msikitini isha tivii izimwe. Bibi akiombwa msaada anakuwa upande wako, akilaumiwa utampoteza.

Sasa binti. Umemtaja mstari mmoja tu mwishoni na mie sitaki tumpite. Kiingereza usimtishe nacho, wenzie wote wanatoka shule za Kiswahili kama yeye na shuleni wanawaanzishia kozi ya mwanzo ya lugha kabla ya masomo, karibu kila somo litakuwa kwa kiingereza na miezi ya kwanza ni migumu kwa kila mtu. Akiwa na kamusi na daftari moja la kuandika maneno mapya kila siku ameshaanza. Ila ule ukimya mie naufikiria upande mwingine. Binti anayemaliza la saba yuko kwenye umri wa kuvunja ungo, kama hajavunja bado basi kesho keshokutwa, na anaenda shule mpya ambako nae hajui choo kikoje. Zamani angekuwa na somo wake wa kumfunda, siku hizi tumeliacha na hatujaweka kitu badala yake, mabinti wanafundishana wenyewe kwa minong'ono. Kama kuna shangazi yake au jirani unayemwamini mwombe akae nae, au ukae nae wewe. Kwenye begi lake kuwe na kimfuko kidogo kisichoonekana, pedi mbili, chupi ya akiba, mfuko mwingine wa kuwekea iliyochafuka na sabuni kipande, hata kama hajaanza, ajue kipo. Aambiwe mapema mwalimu gani wa kike ndo wa kumfuata siku ikimkuta darasani. Mabinti wangapi wamekosa shule siku nne tano kila mwezi kwa sababu ya kukosa vitu hivyo.

Na umshukuru huyo binti mwanangu. Mpaka alipomaliza la saba alikuwa anamlea mdogo ake shuleni na hakuna aliyejua. Mwambie mbele ya baba ake siku akirudi kutoka baharini.

Chupa ya maji usinunue nyingine, mpe ileile. Siku ya kwanza akirudi msalimie kwanza, mpe chakula, usimuulize maswali mengi, kisha uichukue uitikise. Ikiwa imepungua hata robo niandikie, na ikiwa imejaa pia niandikie usiku huohuo.

Shangazi